Kumwandika Mama kwa Jarida

Gari lilipopita Kamukuywa, Nyaruai alikuwa bado ameikodolea macho karatasi yake. Mzee Kipkosgei, aliyekaa kando yake tangu Kitale, akashindwa kuvumilia. "Hiyo si ni ya mazishi, dada?"

"Ndiyo, mzee. Mama tulimzika Aprili, na huu ndio wasifu wake tulisoma siku hiyo. Sasa niko kwa warsha ya uandishi Bungoma, nataka mama atoke kwa jarida. Lakini mwalimu wa warsha anasema niondoe majina yote ya watoto, wajukuu na wakwe. Ati msomaji anamtaka mama peke yake."

"Peke yake aje? Hao si watasema umewakataa?"

"Hapo ndipo sielewi. Na nisipoyaondoa, hawachapishi."

"Basi bakisha wakwe. Hao ndio hukasirika." Alisema kama mtu aliyewahi kusahauliwa kwenye wasifu wa mkwewe.

Nyaruai akachukua kalamu. Alikata wajukuu, akakata wakwe huku mzee akiguna, kisha akakata kaka zake. Alipofika kwa kitindamimba, kalamu ilisimama.

"Huyo ni nani?" mzee akauliza.

"Ni mimi. Na mimi nijikate?"

Mzee akashika mfuko wake. Walikuwa wamefika Kanduyi, pale Bungoma, na makanga alikwisha kuwafungulia mlango.