Hati ya Ubalozi Iliyokwenda Arica

Wasikilizaji wapendwa, aliye na sufuria jikoni apunguze moto kidogo. Jioni hii tunamkumbuka mtu aliyewaandikia marais barua kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna rais hata mmoja aliyemjibu.

Jina lake ni Nemesio Chuquimia. Nalirudia: Nemesio Chuquimia, wa Tembladerani, hapa hapa La Paz. Kazi yake ilikuwa kuandika hati za mabalozi katika Wizara ya Mambo ya Nje. Aliziandika kwa mkono, kwa kalamu ya kuchovya na wino mweusi, herufi za duara kama mkate uliotoka sasa hivi kwenye tanuri. Aliyemzika wiki mbili zilizopita ni binti yake Yovana, msusi, yule wa saluni ya mlango wa kijani pale kwenye kona.

Sasa hati ya balozi ni nini? Don Nemesio alikuwa akitueleza hata kama hatukuuliza. Balozi hawi balozi kwa sababu ametumwa. Anakuwa balozi siku ile rais wa kule alikotumwa atakapoipokea hati yake, mkono kwa mkono. Kabla ya hapo ni mgeni tu mwenye tai nzuri. Na hati huanza kwa maneno yale yale, iende Lima, iende Madrid: "Rafiki Mkuu na Mwema." Hata kama marais hao wangekutana sokoni wangerushiana nyanya. Kwenye karatasi ni Rafiki Mkuu na Mwema.

Mwaka 1975 Nemesio alikuwa na miaka thelathini na miwili. Nchi yetu na Chile zilikuwa zimekaa miaka kumi na mitatu bila kupelekeana balozi. Mwaka huo wakuu wa nchi wakakumbatiana Charaña, kwenye baridi ile ya mpakani inayogandisha hata masharubu, na mabalozi wakarudi. Hati ya kwenda Santiago ikaangukia meza ya Nemesio. Aliharibu karatasi nne. Ya tano ikaenda.

Mwaka huo huo mdogo wake, Hilarión, alipanda treni kushuka Arica, upande wa Chile, akapata kazi ya kuchuma zeituni katika bonde la Azapa. Mama yao alikuwa akitamba katika soko la Rodríguez: "Wawili wametoka kwangu mwaka huu. Balozi mmoja kaandikwa na mwanangu. Mwingine ni mwanangu mwenyewe!"

Wasikilizaji, furaha ile ilidumu miaka mitatu. Machi 1978 mambo yakavunjika tena. Mabalozi wakafunga masanduku. Tangu siku hiyo mpaka jioni hii, makonsuli wapo, balozi hakuna. Sikilizeni vizuri: tangu 1978 mpaka jioni hii, hakuna balozi.

Wiki moja baadaye, Hilarión alikuwa anamwoa Ermelinda, binti wa Azapa. Mshika pete alikuwa Nemesio. Suti ilikuwa imeshanyooshwa. Lakini Nemesio alikuwa na damu ya moto, na wizarani mwenye ndugu Chile alikuwa anatazamwa kwa pembe ya jicho. Akachovya kalamu, akaandika: "Nina heshima ya kukuarifu kwamba, kutokana na hali iliyopo, sitahudhuria. Nakutaka urejee nyumbani mara moja. N. Chuquimia."

Hakuna "ndugu yangu". Hakuna "mdogo wangu". Hata salamu ya mbwa haikuwemo.

Tusi la mdomoni lina nafuu, upepo hulibeba. Tusi lililoandikwa vizuri hivyo halina pa kwenda. Linakaa. Jibu lilikuja kwa simu ya maandishi, maneno saba: "Mimi si balozi wako. Huwezi kuniita nyumbani."

Basi. Wakanyamaziana. Mama yao alipofariki, Hilarión alifika makaburini, akasimama upande wa pili wa shimo, akatupa udongo wake, akarudi kituo cha basi. Kati ya ndugu wawili palikuwa na kaburi la mama yao, na hakuna aliyelizunguka.

Sasa tuseme kweli, sisi majirani hatukumwonea huruma. Doña Casta, muuza mkate, alimchokoza kila asubuhi kwa miaka na miaka.

"Don Nemesio! Basi la Arica limeondoka tena bila wewe."

"Nipe marraqueta mbili, mama, uache siasa."

"Konda pale haulizi hati. Anauliza tu kama unatapika kwenye kona."

"Mambo haya yana utaratibu wake, Doña Casta."

"Utaratibu! Utaratibu ndio utakaokufunika shuka utakapougua?"

Lakini kuna jambo ambalo Doña Casta hakulijua, na hata mimi sikulijua. Kila Januari, Nemesio aliandika hati moja ya balozi wa kwenda Santiago. Hakuna aliyemwagiza. Aliiandika yote, kuanzia Rafiki Mkuu na Mwema mpaka chini, akaacha wazi nafasi ya jina. "Wakipatana ghafla," alimwambia Yovana, "wasije wakakuta wino haujakauka." Alistaafu, akaendelea kuandika. Hati moja kila Januari. Jina wazi.

Mwaka jana mapafu yakaanza kumsumbua. Daktari alisema mengi, Nemesio akasikia moja. Alimwita Yovana, akamkalisha kwenye kiti.

"Nimekuteua," akasema.

"Umeniteua nini, baba? Nina mteja ana rangi kichwani, nikichelewa atatoa moshi."

"Balozi. Kwa baba yako mdogo."

"Si umpigie simu tu?"

"Simu! Mtu nilimvunja kwa maandishi, nimuunge kwa simu?"

Nakala ya hati ile Yovana amenionyesha, na ameniruhusu niisome. "Rafiki Mkuu na Mwema. Kwa kutamani kurejesha uhusiano uliokuwepo kati ya nyumba zetu mbili, nimemteua binti yangu Yovana kuwa balozi wangu kwako. Naomba umpokee kwa wema, na uyaamini yote atakayoyasema kwa niaba yangu, hasa atakaposema kwamba nilikosea."

Yovana akapanda basi, jibini na marraqueta za zawadi kwenye kikapu. Kule mpakani, kwenye ziwa Chungará, wakamnyang'anya jibini. Marraqueta zilisalimika. Baada ya mwendo wa saa tisa, akafika Azapa na vumbi la nchi mbili usoni. Langoni alisimama mzee mwenye kofia ya majani na masikio ya baba yake.

"Wewe nani?"

"Balozi."

"Wa nani?"

"Wa kaka yako."

Mzee Hilarión akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Balozi haletwi hivi hivi. Kwanza huombwa ridhaa. Nani kaniomba?" Alilala chumba kimoja na Nemesio ujana wake wote, utaratibu ule alikuwa ameulishwa pamoja na supu.

"Basi naomba ridhaa, baba mdogo."

"Lazima niwasiliane na serikali yangu."

Serikali yake ikatokea jikoni na unga mikononi. Ilikuwa Mama Ermelinda. "Serikali inasema mtoto wa watu aingie ale. Na huo ni mkate gani umebeba? Marraqueta? Huku kwetu hatuna? Marraqueta ni yetu!"

"Ni yetu, mama mdogo," akasema Yovana.

"Haya, tumeanza vita ya pili. Ingia."

Aliingia, akala, akalala. Lakini hati Mzee Hilarión hakuipokea. Ilikaa mezani kati ya chumvi na mafuta. Siku ya kwanza, ikakaa. Siku ya pili, ikakaa. Kumbukeni: hati isipopokelewa, balozi hayupo. Siku ya tatu asubuhi mzee akafuta mikono kwenye suruali, akaishika hati, akaisoma amesimama. Alipofika mwisho akatoka nje, akapotea kwenye mizeituni. Aliporudi alifungua droo, akatoa karatasi ya manjano. Ile ya 1978.

"Tazama," akamwambia Yovana. "Huyu mtu hata akikutukana anaweka koma mahali pake." Kisha akasema, "Mwambie nimepokea."

"Na wewe, baba mdogo? Balozi wako atakuja lini?"

"Nchi yangu ndogo, mwanangu. Haina mtu anayejua kuandika."

Yovana akarudi na chupa kubwa ya zeituni, na majibu hayo mawili: nimepokea, na nchi yangu haina mwandishi. Don Nemesio akacheka mpaka akakohoa. "Ataandika," akasema. "Huo ndio utaratibu. Ukipeleka, unaletewa."

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo kungoja kulipoanza. Miezi saba. Kila asubuhi alifunga tai, akaketi kuelekea mlangoni. Mtu wa umeme akigonga, anainuka. Wahubiri wa mitaani wakigonga, anainuka. Alikula zeituni moja kwa siku, akiigeuza mdomoni taratibu kama mtu anayesoma. Mtu aliyewaandikia marais maisha yake yote alitaka barua moja tu, iliyoandikwa kwake, inayoanza kwa maneno yale. Doña Casta aliacha kumchokoza. Ndipo tukajua hali ni mbaya.

Alifariki Jumanne, tai ikiwa shingoni. Chupani zilibaki zeituni tatu.

Yovana alipiga simu Azapa. Akajibiwa neno moja: "Nimesikia." Kisha simu ikakatwa.

Tulimzika. Siku ya nane tukatoka kwenye misa, tukarudi nyumbani kunywa api ya moto, uji wetu wa mahindi ya zambarau. Mlango ukagongwa. Alikuwa Mzee Hilarión, koti limemkaa kama la mtu mwingine, bahasha mkononi. Nyuma yake Mama Ermelinda, ameishiwa pumzi kwa huu mwinuko wetu, lakini ulimi wake ulikuwa mzima: "Madaftari mawili ya shule ameharibu! Miezi saba! Nimemwambia andika tu 'njoo', hataki!"

Mzee hakuvuka kizingiti. "Nimeleta hati," akasema.

Juu ya bahasha, kwa kalamu ya risasi iliyopitishwa wino juu yake, mistari ikipanda na kushuka kama barabara ya Yungas, palikuwa pameandikwa: Kwa Rafiki Mkuu na Mwema, Nemesio.

Yovana hakunyoosha mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini binti wa Nemesio ni binti wa Nemesio. "Baba mdogo, hati ya kwenda kwa aliyefariki haipokelewi. Baba alinifundisha. Huandikwa upya, kwa aliyerithi."

"Nani karithi?"

"Mimi."

"Miezi saba, mwanangu," akasema mzee. "Miezi saba." Na hapo ndipo alipolia, pale pale kizingitini, bahasha kifuani.

Wakamwingiza. Wakamkalisha kwenye meza ya kaka yake, mbele ya kalamu ya kaka yake. Akaomba karatasi. Yovana akafungua droo, na rundo lote likatoka: hati thelathini na nane, Januari baada ya Januari.

"Hizi za nani?"

"Za balozi wa kwenda kwenu. Nafasi ya jina iko wazi tangu sabini na nane."

Mzee Hilarión aliisoma ya juu, kidole chini ya kila neno. Kilipofika penye nafasi kikasimama. Chumba kizima kikasimama nacho.

Kwako Yovana, kwako Mzee Hilarión, kwako Mama Ermelinda ambaye marraqueta si yako: poleni kutoka kwetu sote tunaozungumza na tunaosikiliza. Nanyi mlio majumbani, najua kuna mtu mnayengoja aanze yeye. Naye anawangoja ninyi. Mimi nimeshapigwa na dunia vya kutosha kuwaambia: zeituni huisha chupani. Leo, kabla ya kulala, tafuteni kalamu.

Maana mzee yule, aliyeandika zamani kwamba yeye si balozi wa mtu, alichovya kalamu ya kaka yake, akadondosha tone moja mezani na jingine kwenye koti. Na katikati ya herufi zile za duara, kwa mwandiko wa mchuma zeituni, akajaza nafasi: Hilarión Chuquimia.