Lorene Stuckey: Miaka Thelathini na Saba kwenye Meza ya Silinda Hedi

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, saa kumi jioni, Lorene Stuckey atavua aproni yake ya ngozi na kustaafu rasmi. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na saba na wiki tatu katika Karakana ya Injini ya Gerke hapa Muncie. Kwa makadirio yake mwenyewe, silinda hedi, yaani vile vifuniko vizito vya juu ya injini vyenye valvu za kuingiza hewa na kutoa moshi, zilizopita mikononi mwake zinazidi elfu tisa. Sisi tunaofanya kazi naye tunadhani amepunguza.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu meza yangu ya kuchonga bloku, yaani mwili wa injini, iko hatua nne kutoka yake, na kwa miaka ishirini na miwili nimesikia kila alichowaambia wateja, kikiwemo kile ambacho hawakutaka kukisikia.

Lorene aliajiriwa mwezi Juni 1988 kupokea simu. Kazi hiyo aliifanya vizuri kwa muda wa miezi mitatu hivi. Baada ya hapo simu ilianza kuita mara nane, mara tisa, huku mpokeaji wake akiwa amesimama nyuma ya Mzee Ferris Gerke, baba wa bosi wetu wa sasa, akitazama namna viti vya valvu vinavyochongwa. Mzee Ferris hakumfukuza. Alimpa brashi na beseni la mafuta ya taa, akamwambia, "Ukitaka kujua injini inavyopumua, anza na hedi. Bloku ni kifua tu, pua yake ni hii hapa." Mwaka 1991 Lorene akapewa meza yake, na karakana ikatafuta mtu mwingine wa simu.

Miaka hiyo karibu hedi zote zilikuwa za chuma cha kusubu, nzito kama dhambi. Kisha zikaja za alumini, zinazotengenezwa na viwanda vingine kwa ajili ya magari ya zamani yenye injini kubwa za silinda nane. Zilikuja kwa makumi ya aina, kila moja na tangazo lake, kila moja ikiahidi nguvu za farasi zaidi ya mwenzake. Wateja walichanganyikiwa, na mafundi pia walichanganyikiwa. Lorene alizisoma zote, akazifungua, akazipima, akawa ndiye anayeulizwa.

Hakuanza akiwa anajua. Yeye mwenyewe hupenda kusimulia habari ya mwalimu mmoja wa useremala aliyekuja mwaka 1994, akamwambia, "Wewe ndiye fundi, nichagulie." Lorene akamchagulia hedi kubwa kuliko zote katika orodha, kwa sababu zilimpendeza yeye. Gari likawa linazima kila linaposimama. Mwalimu alirudi mara moja, akashukuru kwa adabu, hakulalamika, na hakuonekana tena. Baadaye ikasikika ameliuza. "Angenitukana ningesahau," Lorene husema. Tangu siku hiyo hakumwuzia mtu hedi kabla ya kumwuliza maswali, na maswali hayo ndiyo yaliyomletea jina la Padri, ambalo asili yake ni kisa ninachotaka kukisimulia kwa kirefu. Mengine ya utumishi wake mtayasikia Ijumaa.

Mwezi Aprili 2019 aliingia Bwana Delmar Hoagland, mzee wa miaka sabini na mmoja, aliyefanya kazi ya kusubu vyuma kwa miaka thelathini. Alikuwa na gari la kijani la milango miwili, la mwaka 1969, alilolinunua akiwa kijana na kumchukulia mkewe Nadine siku ya harusi yao. Lilikuwa limelala gereji miaka kumi na miwili, hedi zake za chuma zimepasuka. Alikuja na ukurasa uliochanwa kwenye jarida, akauweka mezani. Zilikuwa hedi za alumini zenye njia za hewa pana kuliko zote zinazoweza kufungwa kwenye injini ile.

"Nipe hizi," alisema.

"Giaboksi yako ni ya mkono?" Lorene akamwuliza.

"Inajibadilisha yenyewe."

"Ekseli ya nyuma umebadilisha meno?"

"Ya kiwandani."

"Kamshafti?"

"Ileile."

"Na utaliendesha wapi?"

"Barabarani, bibie. Ulifikiri ziwani?" Mzee alikuwa ameanza kuwa mwekundu masikioni. "Nimekuja kununua hedi, sijaja kuungama. Wewe ni padri?"

"Basi hizo sikuuzii," Lorene akasema, akamrudishia ukurasa wake.

Mzee akatoka. Bosi wetu, Russ Gerke, aliyaona yote kupitia kioo cha ofisi, akaja mbio. "Lorene, yule mtu alikuja na pesa mkononi."

"Angeondoka na gari lisilotaka kutembea, Russ. Halafu angewaambia watu wote kwamba alinunua kwa Gerke."

Kesho yake Nadine Hoagland alipiga simu akaomba kuzungumza na yule mwanamke aliyemkatalia mumewe. Lorene alisikiliza muda mrefu. Niliona anaupangusa mkono uleule kwa kitambaa, mara moja, mara mbili, mara tatu, ingawa ulikuwa msafi. Nadine alimweleza kwamba mwezi Machi daktari wa macho alikuwa amemwambia Delmar kwamba sehemu ya katikati ya uoni wake inaliwa kidogo kidogo. Angeweza kuendesha mchana, kiangazi kile. Majira ya kuchipua yatakayofuata, atakapopimwa ili apewe tena leseni, hatapita. Hakuwa amemwambia mtu yeyote isipokuwa mkewe. Alitaka tu gari lake litembee tena, naye awe ameshika usukani.

Jioni ile Lorene aliniomba funguo za gari langu.

Hapa inanibidi nikiri. Miaka miwili kabla ya hapo, Lorene akiwa likizo, nilijinunulia hedi za ukubwa uleule aliotaka Bwana Hoagland. Kwenye uwanja wa mashindano, robo maili iliyonyooka, gari langu huruka. Mjini hugoma kama punda. Lorene alikuwa hajawahi kuniambia lolote kuhusu jambo hilo, na niliishukuru huruma yake. Sasa niligundua kwamba alikuwa ameniweka akiba.

Jumamosi asubuhi tukaenda kwa akina Hoagland. Lorene alimkabidhi mzee funguo, akakaa kando yake. Mimi nilikuwa nyuma, magoti yakigusa kidevu. Kutoka nyumbani kwake hadi mahakamani kuna taa saba za barabarani. Gari lilizima kwenye taa ya pili, likazima kwenye ya nne. Kwenye ya tano, mama mmoja mwenye baiskeli alitupita akatupungia mkono.

"Hili gari lina ugomvi na nani?" Delmar akauliza.

"Na njia zake za hewa. Ni pana mno. Injini ikienda polepole, hewa inaingia kivivu, petroli haichanganyiki vizuri. Ni kama unakunywa soda kwa mpira wa kumwagilia bustani. Ikifika mizunguko elfu sita kwa dakika itaamka. Sasa elfu sita utafikia wapi, Bwana Hoagland? Mbele ya kanisa?"

Mzee akacheka, cheko la kwanza tulilolisikia kwake. Kisha akaegesha kando ya barabara, akazima injini mwenyewe safari hii.

"Nadine amekupigia."

"Amenipigia."

"Basi unajua sina muda wa kukosea."

"Ndiyo maana nilikukatalia."

Tuliporudi, Lorene aliingia chini ya boneti ya gari la kijani akiwa na kioo kidogo na tochi. Alitaka kuona plagi zitakaa wapi, kwa kuwa baadhi ya hedi mpya huziinamisha plagi, na zikiinama hugusa mabomba ya moshi. Kwenye gari hili zingegusa bomba la pili. Akaliandika hilo. Delmar, huku akimmulikia, alitaka kujua kwa nini zisishonwe tu zile za chuma.

"Maisha yangu yote nimesubu chuma," alisema. "Najisikia kama namsaliti mtu."

"Zimepasuka katikati ya viti vya valvu, zote mbili. Naweza kuzishona, lakini siwezi kukuahidi kiangazi kimoja. Alumini inatoa joto upesi, kwa hiyo injini inaweza kubana hewa zaidi bila kugonga, kwa petroli ya kituo chochote. Tena utapunguza kilo ishirini na tano juu ya magurudumu ya mbele. Usukani utausikia mwepesi."

Nadine akatuletea pai ya maziwa na sukari. Kufikia kipande cha pili, hedi zilikuwa zimechaguliwa: za alumini, njia za hewa za wastani, plagi zilizonyooka, springi zinazoelewana na kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, ileile ya kiwandani. Hazikuwa na tangazo zuri. Katika jarida zilikuwa ukurasa wa nyuma, kwenye kona.

Ziliwasili mwanzoni mwa Juni. Sanduku lilikuwa limeandikwa kwamba ziko tayari kufungwa, lakini Lorene hajawahi kuamini sanduku. Alizifungua vipande vipande. Mojawapo ilikuwa na chembe za alumini kwenye njia za maji, na valvu kadhaa zilicheza kwenye bushi zake, yaani mirija inayozishikilia, kama jino la mtoto. Muuzaji alikubali kubadilisha. Wiki tisa, alisema.

Lorene alikata simu. "Wiki tisa ni kiangazi chote cha yule mzee."

Russ alimkumbusha kwamba akizigusa tu, dhamana ya kiwanda imekufa, na zikiharibika lawama ni ya karakana. Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayesoma kanuni asizozipenda.

"Andika jina langu," Lorene akamjibu.

Akachukua siku nne za likizo yake, akazitumia papa hapa, mezani pake. Alitoa bushi zote kumi na sita, akaweka mpya, akachonga viti upya, akaziosha hedi mpaka maji yakatoka yalivyoingia. Kwa siku nne hakutania na mtu. Nilipomletea kahawa siku ya tatu alisema, "Nikikosea hapa, Wendell, sitakuwa na la kumwambia."

Delmar alizifunga mwenyewe, gerejini kwake. Zile za chuma hakuweza tena kuziinua. Hizi alizibeba moja moja kifuani, na Lorene akakaa mbali akamwacha. Lorene ndiye aliyeweka udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni, wakaizungusha injini kwa mkono, kisha akaukata ule udongo kwa wembe na kupima kama valvu zina nafasi. Nafasi ilikuwepo. Ilipofika zamu ya kukaza bolti, mzee alishika spana ya kupimia nguvu ya kukaza, lakini namba zilizo katikati ya kioo chake hakuziona. Lorene aliinama karibu na mkono wake, akawa anamsomea: "Endelea. Bado. Bado. Hapo." Bolti thelathini na nne, kila moja mara tatu.

Injini iliwaka Jumamosi, tarehe 20 Julai, saa tano asubuhi. Nadine alitoka nje na kijiko cha kupikia mkononi, akasimama mlangoni, akakaa kitako kwenye ngazi.

Delmar aliliendesha gari lile wiki kumi na mbili, kila siku isiyo na mvua. Jumanne, tarehe 15 Oktoba, saa nne na nusu asubuhi, alilisimamisha mbele ya karakana, Nadine akiwa kiti cha nyuma, akamwomba Lorene aingie. Lorene aliingia na aproni yake. Walikwenda mpaka kwenye lango la kiwanda cha zamani cha kusubu vyuma. Hapo mzee akaegesha, akatoka, akazunguka pua ya gari huku ameishika, akampa mkewe funguo. "Leo mstari wa barabara nimeuona nusu," alimwambia. "Sitangoja kuuona robo." Nadine ndiye aliyetusimulia habari hizo baadaye, maana Lorene aliporudi alisema maneno manne tu, "Inavuta vizuri kutoka chini," akaenda mezani pake, akawasha mashine. Haikuwa na hedi juu yake. Iliunguruma hivyo dakika nzima kabla hajaizima.

Delmar hakungojea barua ya leseni. Aliirudisha leseni yake mwenyewe wiki ileile. Hadi leo Nadine huendesha, naye hukaa kando na kumwambia kwa masikio lini plagi zinahitaji kubadilishwa. Nadine anasema hajawahi kukosea, na kwamba jambo hilo linachosha. Wote wawili wamethibitisha watakuja Ijumaa.

Kwa wale msiomfahamu kwa karibu: Lorene hana gari la zamani, hajawahi kuwa nalo, wala halitaki. Anaendesha kigari cha kijivu kisicho na sauti. Anahamia kwa dada yake Opal, karibu na ziwa huko Michigan, ambako anasema atajifunza kulala mpaka saa mbili asubuhi. Opal ametuandikia kwamba mashine yake ya kukatia nyasi imeharibika na kwamba ameitunza hivyo hivyo tangu Machi, makusudi.

Lorene, kwa niaba ya Russ na sisi sote wa Gerke, asante. Asante kwa kutukatalia tulipostahili kukataliwa, na kwa kutusomea namba tusizoziona. Nenda salama kwa dada yako. Mungu akupe afya, siku zisizo na haraka, na samaki wakubwa kuliko utakaowasimulia. Maisha yako mapya yawe mema.

Wendell Fouts,
meza ya bloku