Miaka Thelathini na Mmoja ya Makopo na Makuti: Mwalimu Kalolaine Aiaga Fungalei

Mwalimu Kalolaine Fifita anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, baada ya kuitumikia shule yetu ya chekechea ya Fungalei, hapa kisiwani Vava'u, kwa miaka thelathini na mmoja. Walimu tunamwita Kalo, watoto wanamwita Kalo, na hata mchungaji humwita Kalo tu, tena kwa sauti ya mtu anayetaka kuazima kitu.

Alianzia katika pembe ya ukumbi wa kanisa, akiwa na mkeka mmoja, watoto tisa, na bila hata mwanasesere mmoja wa dukani. Kamati ilimwahidi vifaa vya kuchezea kutoka mjini. Bado tunavisubiri. Kabla ya hapo alikuwa akisuka mikeka pamoja na mama zake wakubwa, kazi aliyoipenda sana, ila wao hawakumpenda kazini: kila walipompa mabaki ya majani akayatupe, yeye aliyasuka mipira, na mkeka uliotakiwa harusini ukabaki nusu. Walipomwona anaitwa kanisani kulea watoto, nasikia waliitikia amina kabla mchungaji hajamaliza sentensi.

Sasa makopo. Kopo la nyama ya ng'ombe kwetu halikosekani jikoni, harusini wala msibani, na Kalo hakuwahi kuliona kopo tupu akalipita. Kopo moja ni gari, magurudumu yakiwa ya kandambili iliyokatika. Makopo mawili na uzi ni simu. Makopo manne ni treni, ingawa hakuna mtu Fungalei aliyewahi kupanda treni. Kabla ya kumkabidhi mtoto chombo chochote, hukipitisha ukingo wake mzima kwenye shavu lake mwenyewe, taratibu, macho amefumba. Kikimkwaruza, kinarudi kwenye jiwe la kunolea. Ndiyo sababu ya zile alama ndogo anazodai ni za paka.

Rangi alitengeneza kwa manjano na maganda ya miti. Udongo wa kufinyanga aliukanda kwa unga, chumvi na mafuta ya nazi, na ikabidi aongeze chumvi mara ya pili, maana ule wa kwanza uliliwa wote kabla haujafinyangwa. Wanasesere aliwashonea nguo kwa vipande vilivyobaki vya kitambaa cha magome yaliyopondwa, kile cha kuvaliwa harusini, kwa hiyo wanasesere wetu huvaa kama mabibi harusi hata siku ya Jumanne. Wasichana aliwafundisha kurusha ndimu hewani na kuzidaka kwa zamu, mchezo wa bibi zetu, na yeye mwenyewe anaweza kurusha ndimu tano huku akimgombeza mtu bila kukosea ndimu wala matusi.

Ile simu ya makopo iliwahi kutuletea balaa. Kalo alivuta uzi kutoka darasani hadi dirisha la jiko la mchungaji, ili watoto wajifunze kusalimiana kwa adabu. Wiki moja baadaye mke wa mchungaji alikuja na beseni tupu la ndizi. "Kalo," akasema, "mwambie huyo anayepiga simu kila asubuhi kwamba leo ndizi zimekwisha, na ile sauti nene anayoigiza haimdanganyi mtu." Kalo aliwauliza watoto nani amepiga simu. Wote walinyoosha mikono, kwa sababu wote walikuwa wamekula.

Lakini nilipoombwa kuandika wasifu huu, jambo lililonijia kwanza lilikuwa Silia. Nimeomba ruhusa kulieleza, na Silia mwenyewe ndiye atakayelisoma ukumbini. Mimi nitakuwa nimesimama nje. Mtaona sababu.

Nilifika hapa miaka kumi na miwili iliyopita kutoka visiwa vya Ha'apai, mwalimu mgeni. Kalo aliniweka mlangoni niwapokee wazazi, akisema uso wangu unafaa kwa kazi hiyo na akili yangu tutaona baadaye. Silia alikuwa na miaka minne. Mama yake alikuwa amekwenda Nyuzilandi kuchuma matufaha hadi msimu uishe, na tangu siku ile ndege ilipoondoka, mtoto aliacha kucheza. Hakulia, wala hakusumbua. Alisimama kando ya mlango na kikapu chake mkononi, akatazama magari ya makopo yakipita miguuni pake, na hakugusa hata moja.

Baba yake, Feleti, alimleta kila asubuhi hadi kwenye uzio, akasimama pale, wala hakuingia. Akina baba wengine waliingia, wakacheka, wakavunja gari moja au mawili. Feleti alibaki nje kama aliyeshikwa na gundi. Kalo hakupenda. Aliamini, na anaamini hadi leo, kwamba mtoto aliyeacha kucheza hurudishwa na mtu wake mwenyewe, si na mwalimu.

"Yule baba anajiona nani?" aliniuliza. "Akikanyaga humu mguu utakatika?"

Niliendelea kupanga vikapu vya watoto. Feleti ni mtoto wa shangazi yangu, yaani kaka yangu, na kwa mila yetu kaka na dada waliokua hawakai chumba kimoja wala hawasikii mzaha pamoja. Kila alipoinua macho aliniona mimi mlangoni, na kila aliponiona alisimama palepale. Nilidhani Kalo anajua. Kalo anajua ukoo wa kila kuku wa Vava'u. Ila ukoo wa Ha'apai haujui, na asubuhi moja uvumilivu ukamwishia.

"We Feleti!" alipaza sauti, uwanja mzima ukasikia. "Unaulinda uzio usitoroke? Ingia basi! Au nimtume huyu Lavinia aje akushike kiuno akuingize? Ana mikono laini huyu, utapenda!"

Beseni la unga liliniponyoka. Feleti aliinamisha kichwa, akamshika Silia mkono, akaondoka naye bila kugeuka.

"Nimesema nini tena?" Kalo akashangaa.

"Mama yake ni dada wa baba yangu," nikasema.

Kalo aliketi chini palepale, juu ya unga. Sijawahi kumwona amekosa la kusema tena tangu siku ile, isipokuwa mara moja, na hiyo nitaifikia.

Silia hakuletwa kesho yake, wala kesho kutwa. Aibu yangu ilipoa. Kilichonikosesha raha ni kujua kwamba mtoto yuko nyumbani, kimya, na kikapu chake. Jumamosi Kalo alijifunga mkeka mkuukuu uliochanika, ule wa kuombea radhi, akaenda kuketi chini mbele ya nyumba ya Feleti. Alikaa pale jua likimchoma hadi Feleti mwenyewe alipotoka na kuketi naye.

"Inuka mwalimu, sikukasirika," Feleti alimwambia.

"Basi mrudishe mtoto."

"Nitamrudishaje, na dada yangu yuko mlangoni? Halafu kule hachezi. Hapa pia hachezi. Mimi sijui kucheza, mwalimu. Mama yake ndiye aliyejua. Mimi namtazama, naye ananitazama, mpaka giza linaingia."

Kalo alitueleza haya baadaye, na alipofika hapo alijipangusa macho kwa kanga ya jikoni, akasema ni vitunguu. Hakukuwa na vitunguu.

Kulikuwa na kijitabu kutoka ng'ambo kilichowashauri akina baba wawabebe watoto mabegani, mtoto ashike nywele za baba kama hatamu. Mtoto wetu ashike kichwa cha baba yake, mwiko mkubwa kwetu! Kalo alikuwa ameshakikunja chote kikawa ndege za karatasi. Alichofanya yeye ni kwenda nyuma ya shule, kwenye ule mteremko wa nyasi, akaangusha kuti bichi, pana, zito, lenye bua refu. Kisha akapeleka ujumbe: Jumatatu Silia aletwe kwa njia ya nyuma. Lavinia atakuwa mbele na wale wadogo. Hakuna atakayemwona mwenzake.

Wakaja. Kalo alimketisha Silia juu ya majani ya kuti, akampa Feleti bua.

"Vuta," akamwambia.

"Niende wapi?"

"Kwani farasi huuliza?"

Mimi nilikuwa darasani, mgongo nimeupa dirisha, nikiimba na watoto kwa sauti ya juu kuliko wimbo wenyewe ulivyohitaji. Nilisikia kuti likiburuzwa kushuka mteremko. Kimya. Likaburuzwa tena, Feleti akihema. Kimya. Mara ya tatu, Kalo alinieleza baadaye, alijikwaa, kuti likampita, na mwanamume mzima akabingiria nyasini hadi kwenye migomba. Ndipo nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia, nyembamba, yenye hasira na furaha pamoja.

"Amka, we farasi mzee! Amka univute!"

Mtoto kumwambia baba yake hivyo! Nilingoja akemewe. Badala yake Feleti alicheka, kicheko kirefu cha kukwamakwama, nami nikakimbilia stoo, nikajiziba mdomo kwa taulo, kwa sababu sikuruhusiwa kucheka naye. Wale wadogo walinifuata. "Mwalimu Lavinia anakula taulo," walimripoti Kalo.

Msimu ulipoisha mama yake Silia alirudi, akamkuta binti yake anawaamrisha akina baba sita pale mteremkoni. Leo Silia yuko sekondari mjini Neiafu na bado anaamrisha. Feleti hakuacha kuja. Kalo alimfundisha kukata makopo na kutoboa kandambili, na kwa miaka hii kumi na miwili amekuwa akitengeneza vitu upande wa nyuma nami nikifundisha upande wa mbele. Kila kitu kilipitia kwa Kalo. Gari likivunjika, alilipeleka nyuma. Likipona, alilileta mbele. Aliitembea njia ile hadi nyasi zikakataa kuota, huku akilalamika kwamba yeye ni mwalimu, si posta.

Sasa mnaelewa kilichonipata kamati iliponiteua mimi kushika nafasi yake. Watu walinipongeza, nami nilimfikiria Feleti. Jibu lake lilikuja siku hiyohiyo, kwa posta ileile.

"Anasema hongera," Kalo aliniambia. "Na anasema kuanzia muhula ujao hatakuja. Kwamba mimi nikiwepo kuna mtu wa katikati. Nikiondoka mtabaki ninyi wawili, na watoto ni wafupi mno kuwa ukuta."

Alikuwa sahihi, ndiyo maana niliumia. Kila mwaka hapakosi mtoto anayesimama kando ya mlango bila kugusa kitu, na kila mwaka Kalo humpeleka nyuma kwa Feleti, mtoto pamoja na baba yake, wakafundishwa kuvuta na kuvutwa. Bila Feleti, tungebaki na mwalimu mpya anayeimba kwa sauti kubwa.

Hapo ndipo Kalo alipokosa la kusema mara ya pili. Aliniacha nimesimama. Mwezi mzima uliofuata, badala ya kupumzika kama watu wanaoaga, alishinda barazani akisuka makuti, kipande kwa kipande. Tulidhani anatengeneza mapambo ya sherehe yake, tukamsema pembeni kwamba anajipenda. Alikuwa anasuka ukuta. Umesimama sasa, umeigawa baraza kuanzia juu kwenye dari, mzito kiasi kwamba hata kivuli cha mtu hakipenyi. Chini ameacha uwazi, kimo cha mtoto wa miaka minne akiwa ameinama.

Hatukutangaza chochote. Jana asubuhi nilikuwa upande wangu nafunga viatu vya watoto, nikasikia nyundo ikigonga kopo upande wa pili. Nilijua ni nani, naye alijua nimesikia. Baadaye msichana mmoja, mgeni, ambaye wiki nzima hajagusa kitu, alitoka kwa magoti chini ya ukuta akiwa amekumbatia gari la kopo, uso umejaa vumbi.

"Nani amelitengeneza?" aliniuliza.

"Kaka yangu," nikasema, kwa sauti ya kutosha.

Nyundo ilinyamaza kidogo. Kisha ikaendelea.

Mwalimu Kalo, nimeishi kijiji kimoja na kaka yangu miaka yote hii, na ni wewe uliyenifanya nimfahamu. Tunakushukuru sisi tuliofundishwa nawe, tuliotukanwa nawe, na tuliobebwa nawe kutoka mbele kwenda nyuma. Nenda nyumbani salama. Tunakuombea siku ndefu, magoti yasiyouma, na wajukuu wanaovunja vitu, usije ukakosa kazi.