Chuo cha Mirriam

Jumamosi hiyo ya mwaka tisini na sita tulikuwa wanne kwenye benchi la Ruqiyo muuza kahawa, nyuma ya soko la mtaa wetu wa Jericho: mimi, Wasike dereva wa lori, Munyoki ambaye ni tarishi wa ofisi mjini lakini tunamwita Profesa, na Maina tuliyembatiza Akala kwa sababu ya akala, viatu vya tairi anavyoshona sokoni Kariokor. Ruqiyo alikuwa akitumiminia kahawa ya tangawizi. Wasike alikuja na fomu ya binti yake Mirriam, ya kuchagua chuo kikuu. Shule iliitaka Jumatatu, na ilibaki sahihi ya mzazi tu. Mirriam alitaka kusomea jenetiki, na baba mtu hakujua hiyo ni mnyama gani.

Profesa akaeleza kwamba ni kuzalisha ng'ombe, kwa hiyo msichana atafutiwe chuo chenye malisho mapana. Akala akakataa. Alikuwa amesikia ni kupima damu ili ijulikane mtoto ni wa nani, na akaomba chuo hicho kiwe mbali sana na Jericho.

— Unaogopa nini, buda? nikamuuliza.

— Mimi? Nawaonea huruma majirani tu, bana.

Tukacheka. Profesa akazidi: aende India, huko wanatengeneza mtu mzima kutoka unywele mmoja. Akala akasema basi Wasike hana lake huko, upara umemmaliza.

Wasike alitabasamu kidogo, akiikunja fomu na kuikunjua. Yeye alitaka binti asomee ualimu, tena hapa karibu. Mirriam ana pacha, Mukhwana, mgonjwa wa selimundu, ule ugonjwa wa damu, ambaye kuumwa kumemrudisha darasa nyuma mara mbili. Mifupa ikianza kumkaza usiku, ni Mirriam anayejua kumtuliza.

Ndipo Mirriam mwenyewe akafika kuchukua fomu. Akatuamkia mmoja mmoja. Profesa akamweleza habari za ng'ombe, naye akamsikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akamgeukia baba yake.

— Baba, mimi na Mukhwana tulizaliwa siku moja. Mama mmoja, baba mmoja. Kwa nini yeye anaumwa na mimi siumwi?

Wasike akamtazama Profesa. Profesa akatazama kikombe. Akala, ambaye hakosi neno, akainama kama anayefunga kamba za viatu, na akala hazina kamba.

— Hata mimi hujiuliza nikiwa barabarani, Wasike akasema mwishowe. Sijui, mwanangu.

— Nataka kujua. Chuo nilichochagua kiko mbali, ng'ambo ya Bonde la Ufa.

— Na akiumwa?

— Nimemfundisha mama. Na ni yeye Mukhwana aliyeniambia niende.

Profesa akatoa kalamu bila kuombwa. Wasike akaweka fomu gotini, akatia sahihi polepole. Mirriam akashukuru, akaenda zake.

Ruqiyo akainamisha birika juu ya vikombe vyetu. Kahawa ilikuwa imekwisha, lakini hakuna aliyeinuka.

— Profesa, Wasike akauliza, huko ng'ambo kuna baridi?

— Sijui, akasema Profesa.