Aliyemwalika Mama Mkwe Barazani: Bi. Mageni Nasibu Anastaafu

Baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi katika Kituo cha Msaada wa Sheria cha Ngao ya Familia, Shinyanga, Bi. Mageni Nasibu, msaidizi wetu wa kisheria mwandamizi, anastaafu rasmi Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025. Ameagiza mwenyewe kwamba wasifu wake usiwe mrefu, usilize watu, na usimsifie kupita kiasi. Mimi Enock, wa dawati la kesi, ndiye niliyepewa kalamu, na naomba radhi mapema.

Bi. Mageni ni mzaliwa wa Ujiji, mahali ambako, kwa maelezo yake, kila kitu ni bora kuliko hapa: samaki, mawese, hata namna ya kumkaribisha mgeni. Alikuja Shinyanga akimfuata mumewe, fundi cherehani aliyesikia kwamba watu wa dhahabu hushona suti kila wanapopata. Mwaka 2003 akaajiriwa kituoni kama mpokea wageni. Kazi yake ilikuwa kuandika majina ya wateja na kuwaonyesha pa kukaa. Lakini haikupita hata miezi, wateja wakawa wanatoka benchini wakiwa wameshapata walichokifuata, na wanasheria wanabaki ndani wakisubiri kesi zisizofika. Mkurugenzi wa wakati ule aliona heri ampeleke mafunzo ya usaidizi wa kisheria kabla hajatufungia ofisi.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu, nieleze kidogo. Wanaobisha hodi kwetu wanatoka vijijini na machimboni, na wengi ni kina mama. Anataka talaka, au matunzo ya watoto, au anataka tu kujua kama ana haki ya kulala katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Sasa, mtu haamki tu akaenda mahakamani kudai talaka. Hupita kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, wazee wanajaribu kupatanisha, na wakishindwa wanaandika kwamba wameshindwa. Ni hapo barazani ambapo Bi. Mageni alijipatia jina, na hakulipata kwa ushindi.

Ulikuwa mwaka wake wa kwanza wa usaidizi, katika kata moja ya Shinyanga Vijijini. Kulikuwa na bwana mmoja mbishi aliyekuwa akimkatisha kila mtu maneno. Bi. Mageni akafikiri kwa akili za Ujiji: mtu kama huyu akimwona mama mkwe wake ana kwa ana, atapata haya na kuongea vizuri. Bila kumwambia mtu, akamwalika mama wa yule mke, akamwekea kiti mkabala na mkwewe.

Msukuma yeyote anayesoma hapa ameshashika kichwa. Kwa desturi ya huku, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukimbiana. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Basi yule bwana alipomwona mama mkwe akiingia, alitoka kwa dirisha. Mama naye, alipoona mguu wa mkwewe ukiishia dirishani, alijifunika khanga usoni akatoka kwa mlango. Barazani wakabaki wazee, mke, na Bi. Mageni akiwa ameshika kalamu.

Mzee Benjamini, mwenyekiti wa baraza, alimwuliza kwa upole kama huko kwao watu hukaa meza moja na wakwe zao. Bi. Mageni akajibu kwamba hukaa, na tena hugombania kichwa cha samaki wa mgebuka. Wazee waliguna hadi wapita njia wakachungulia. Walimtoza faini ya jogoo, wakamla siku hiyohiyo, na kwa muda mrefu kila alikopita watu walinong'ona: "Yule ndiye aliyemwita mama mkwe."

Mwingine angeomba uhamisho. Yeye alinunua jogoo wa pili, akampelekea Mzee Benjamini, akaomba afundishwe desturi zote kabla hajavunja nyingine. Kisukuma chake ni ushahidi wa masomo hayo. Anakisema bila woga wowote, na mpaka leo huwasalimu watu "mwangaluka", salamu ya asubuhi, jua likiwa utosini. Wanamwitikia.

Utendaji wake wa kazi ulikuwa na taratibu ambazo huzikuti katika kitabu chochote cha sheria. Hakusikiliza shauri la mtu mwenye njaa, kwa hiyo ofisi yetu ndiyo pekee mkoani yenye sufuria la uji. Na pale mlangoni aliweka benchi fupi, ambalo watu wawili wakikaa lazima mabega yagusane au mmoja aanguke. Mume na mke waliofika kudai talaka aliwakalisha hapo, halafu yeye akapotelea jikoni. Wapo waliotoka machimbo ya Mwakitolyo wakiwa hawasemezani, wakaanza kulilaani lile benchi kwa pamoja, wakalaani uji, wakamlaani Bi. Mageni, na mwisho wakaondoka na pikipiki moja wakicheka. Juzijuzi wametuletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

Ila palipo na kipigo hapakuwa na benchi wala uji wa kungoja. Hapo alivaa viatu, akamshika mama wa watu mkono, wakaenda polisi na hospitali, na njia nzima hakutania. Hakushinda kila shauri. Wapo waliorudi kwa waume zao na hatukuwasikia tena, na majina yao huyataja peke yake akidhani hatumsikii.

Machimboni walimwogopa kwa swali moja. Mwenye duara mmoja, yaani shimo lake la kuchimbia dhahabu, alikuwa amejitutumua mbele ya baraza kwamba mali yote ni jasho lake, mke alikuwa anapika tu. Bi. Mageni akamwuliza ni nani aliyewalisha wachimbaji msimu mzima duara lilipokuwa linatoa udongo mtupu. Bwana ikabidi amtaje mkewe. Sheria inazitambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa, lakini Bi. Mageni alipenda mtu aifikie sheria kwa miguu yake mwenyewe.

Nimezunguka vya kutosha. Shauri ambalo kila mmoja wetu angetaka liandikwe hapa ni la Ritha na binti yake Wema. Wahusika wote wameridhia lisimuliwe.

Ritha, mzaliwa wa Runzewe, aliolewa na Januari, mchimbaji wa Mwakitolyo ambaye kwao ni Mhunze. Ndoa ikavunjika. Januari alimchukua mtoto wao wa pekee, Wema, aliyekuwa na miaka mitatu, akampeleka Mhunze kwa wazazi wake. Hoja yake ilikuwa fupi: ng'ombe walitolewa, mtoto ni wa ukoo. Ritha alifika kwetu hali chakula. Talaka hakuitaja hata kidogo. Alisema tu: "Mama, mwanangu halali bila kushika sikio langu. Sasa anashika la nani?"

Mahakama ilisikiliza ikaamua mtoto mdogo kiasi kile akae na mama yake, na baba awe anamtembelea. Tulishangilia mapema. Ofisa ustawi wa jamii alipofika Mhunze na amri mkononi, aliambiwa mtoto ameenda kwa shangazi. Kwa shangazi akaambiwa ameenda kwa babu mdogo. Alipofika kwa babu mdogo, akaonyeshwa njia ya kurudi Mhunze. Kila safari Ritha alingoja stendi ameshika gauni dogo jipya, na kila safari alirudi nalo.

Mimi nilipendekeza turudi mahakamani. Bi. Mageni alikubali, kisha akaenda kumwona Mzee Benjamini. Swali lake lilikuwa moja tu: bibi akitaka kumsalimia mjukuu wake kwa wakwe, desturi inakataza? Mzee alicheka hadi fimbo ikamdondoka, maana alijua anakoelekea. Akasema haikatazi, na anayemfukuza mkwe aliyekuja kwa heshima ndiye mwenye makosa.

Ndipo Bibi Sikujua, mama yake Ritha, alipopanda basi kutoka Runzewe akiwa na kigoda chake. Alifika Mhunze, akasalimia vizuri, akaweka kigoda pale pa kuingilia uani, akakaa. "Nimekuja kumsalimia mjukuu," alisema. "Kama hayupo, nitamsubiri."

Mkwe ni mgeni wa heshima, hivyo mama yake Januari hakuwa na budi kumchinjia kuku. Kesho yake akamchinjia mwingine. Januari alitokea machimboni na pikipiki, akamwona mama mkwe langoni, akageuza palepale na kuingia shamba la mtama. Alijaribu kupita upande wa zizi, lakini bibi alikuwa amehamishia kigoda kivulini, na kivuli kiko upande wa zizi. Nguo za Januari, chaja yake ya simu, na chakula cha mama yake, vyote vilikuwa ndani. Yeye alikuwa kwa jirani, anaazima shati. Majirani nao wakaanza kuuliza mgeni wa watu ataondoka lini, na kwa nini haonyeshwi mjukuu.

Mwishowe Januari alimpigia simu Bi. Mageni akimsihi: "Shikamoo mama. Naomba umwondoe mkwe wangu, mimi sina pa kupita." Bi. Mageni aliitikia marahaba, akamwuliza hali, ng'ombe, na mvua, kama alivyofundishwa. Kisha akamwambia kwamba yeye hana mamlaka ya kumwondoa bibi kwa mjukuu wake, ila anadhani mtoto akionekana, bibi hatakuwa na sababu ya kukaa. Baba yake Januari, aliyekuwa amechoka kumsikia mkewe akilalamikia kuku, ndiye aliyetoa neno la mwisho ukooni: mtoto arudishwe kwa mama yake.

Wema alishushwa stendi ya Shinyanga akiwa mgongoni mwa Bibi Sikujua. Ritha hakukimbia kama tulivyotarajia. Alikaa chini katikati ya mizigo ya watu. Mtoto alimtazama kwa muda, akamsogelea, akamshika sikio. Bi. Mageni aliwapa mgongo na kuanza kumgombeza mpiga debe mmoja ambaye hakuwa amefanya kosa lolote. Sisi tunaomfahamu tulijua kwamba analia.

Wengi hudhani shauri liliishia hapo, na kwa mwanasheria kama mimi liliishia. Kwa Bi. Mageni ndiyo kwanza lilianza. Ritha, kwa hofu, hakutaka tena kulisikia jina la Mhunze. Bi. Mageni alimwambia maneno ambayo tumeyabandika ukutani: "Talaka ni ya mume na mke. Mtoto hajampa mtu talaka." Kila likizo alimpeleka Wema kwa baba yake yeye mwenyewe, akamrudisha yeye mwenyewe, mpaka pande zote mbili zilipozoea kwamba anayekwenda hurudi. Leo Wema ni binti wa kidato cha nne, na anazijua njia zote mbili akiwa amefumba macho.

Mungu naye ana utani wake. Miaka michache iliyopita binti wa Bi. Mageni, Zaina, aliolewa na Magesa, kijana wa Kisukuma. Bi. Mageni alipika migebuka kwa mawese kumkaribisha mkwe mezani, kwa desturi ya Ujiji. Kijana alipoambiwa mama yumo ndani, alirukia ua wa jirani. Tangu hapo husalimiana kupitia ukutani, na huwa wanaulizana habari kwa mapenzi kweli. Anayebeba sahani ni Zaina.

Bi. Mageni, tunakushukuru. Umetufundisha kwamba sheria ikifika kijijini inapaswa kubisha hodi kama mgeni mwingine, isalimie, ikae, ndiyo iseme. Sufuria la uji tutalitunza. Benchi, tunaomba kwa heshima zote, ondoka nalo.

Sasa tangazo kuhusu viti vya sherehe, ambalo wageni wanaombwa wasome kwa makini. Bibi Sikujua atakaa mstari wa mbele, kulia kwa mstaafu, pamoja na Ritha. Kwa sababu hiyo Januari, ambaye amesisitiza kuja na ameleta mbuzi, atakuwa nyuma ya ukumbi upande wa jikoni, na Magesa atakuwa naye. Talaka imeshapita miaka mingi, lakini Januari anasema mke huachwa, mkwe haachwi. Mchoma nyama wetu amefurahi kupata wasaidizi. Tafadhali asiwepo mtu wa kuwaita ndani, kwa kuwa madirisha ya ukumbi ni mapya.

Chakula chao cha mezani atawapelekea Wema. Ameomba mwenyewe kazi hiyo, kutoka mbele alipo mama yake kwenda nyuma alipo baba yake, na kurudi.

Nenda kapumzike, mama yetu, ukale migebuka bila simu ya mtu kulia. Mwenyezi Mungu akujalie afya na umri mrefu, uione na harusi ya Wema akishamaliza masomo yake. Siku hiyo tutakuja kukubishia hodi tena, maana hapa ofisini hakuna mwingine atakayejua namna ya kupanga viti.