Mfamasia na Nesi Mstaafu

Fundi cherehani alipanda treni akiwa na kidole kilichochomwa na sindano yenye kutu. Jana alikuwa ameshinda kutwa kwenye foleni ya kliniki bila kuchanjwa pepopunda, na leo alikuwa anarudi kujaribu tena. Mbele yake nesi mstaafu alikuwa akimbana mfamasia kijana.

"Sheria imewaruhusu ninyi wafamasia kuchanja watu," nesi alisema. "Wewe mwanangu umesomea vidonge. Kidonge hakipigi kelele."

"Mama, sindano nazo tumefundishwa."

"Mtu akizimia je?"

"Namlaza, nainua miguu yake, namsubiri azinduke."

"Asipozinduka?"

"Nakuita wewe."

Fundi alibana kicheko.

"Kaka, duka lako liko wapi?" fundi aliuliza.

"Hapo kituo kijacho, ninaposhuka."

Treni iliposimama, fundi aliinuka kumfuata badala ya kwenda kliniki. Nesi naye alijifunga kanga vizuri, akanyanyua mkoba wake.

"Mama, nawe unashuka hapa?" mfamasia aliuliza.

"Mimi nashuka mwisho wa reli," nesi alisema, huku akitangulia mlangoni. "Lakini nataka nione unavyoshika hilo bomba la sindano."