Karantini ya Furu Watatu

Walinikuta Jumamosi asubuhi nimepiga magoti dukani kwa Ernestina, fundi cherehani, mkono wa kulia umezama majini hadi kwapani, wa kushoto umeshika chujio la chai, nikiwabembeleza samaki wawili waache kupigana. "Jamani, mwenyewe anarudi leo," nilikuwa nawaambia, kwa ile sauti ninayomwambia mke wangu nikishafanya kosa. Nilipogeuka, wenzangu wa benchi walikuwa wamejaa mlangoni na vikombe vyao vya kahawa. Hakuna aliyecheka. Watu hawa walinicheka siku nilipoibiwa baiskeli nikiwa nimeikalia, kwa hiyo nilielewa kwamba safari hii mambo ni mabaya.

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka hilohilo, hapa Bariadi, njia ya kwenda Dutwa. Lina miguu mitatu na tofali moja. Mwenye birika ni Januarius, ambaye huongea mara mbili kwa siku. Salu ni dalali wa ng'ombe, mtu wa Mwanhuzi. Tunamwita Mnada, maana hata mgeni akipita anamwangalia meno. Ndaki anatengeneza baiskeli, jina lake la utani Spoku. Mimi ni Mataifa. Niliendesha lori la pamba miaka ishirini, na tangu nishuke sijanyamaza.

Samaki wenyewe walikuwa furu sita, wale wadogo wa ziwa wasiozidi kidole cha kati. Wazee wa Busega wanawakumbuka walivyokuwa wakijaa masufuria kabla sangara hajawafyeka. Aina hii, mzee Magese wa Lamadi, baba yake Ernestina, alisema imebaki kwenye mwamba mmoja tu, na huo mwamba hakumwonyesha mtu. Miezi mitatu kabla ya kufa alipanda basi na ndoo mapajani, akamletea binti yake: madume wawili wa buluu wenye mkia mwekundu, na majike wanne wa rangi ya majivu, rangi ambayo hata maji yanaionea haya. Aliwachagua kwa mkono wake. Akapanga mawe katikati ya tangi la kioo, ukuta mzima, kila dume awe na upande wake wasionane. Akalala usiku mmoja, akarudi ziwani. Hakuja tena.

Jumatatu Ernestina alikwenda Lamadi kwenye arobaini ya baba yake. Ufunguo aliniachia mimi. Msiniulize kwa nini. Najua kwa nini. Nilikuwa nimetangaza mwezi mzima kwamba nawajua samaki wa kioo, kwa sababu mwaka fulani nililala Kigoma kwenye nyumba ya wageni yenye tangi ukutani. Nililala usiku mmoja. Siku ya kuondoka, Ernestina alisimama mlangoni akinieleza mambo ya kuzingatia, na mimi nikamweleza ya Kigoma. Tulimaliza pamoja, akawahi basi.

Jumanne niliondoa mawe. Kigoma samaki walionekana vizuri, bila magofu katikati.

Jumatano nikaona majike watatu hawali. Chakula kinapita puani, wao wamefunga midomo, taya limevimba kama la askari mwenye tumbaku. Nikaita benchi. Salu akainama, akatazama muda mrefu, akaomba wageuzwe upande wa pili.

— Ugonjwa wa miguu na midomo, akasema.

— Miguu iko wapi? Ndaki akauliza.

— Ndiyo maana umebaki mdomo.

— Sasa?

— Unatenga. Ng'ombe akivimba taya huachi na wenzake. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza. Karantini waliijua kabla ya serikali.

Ndaki akaongeza kwamba hata kwa sura hawa si wa kutetea. Tazama dume, rangi kama baiskeli mpya. Tazama hawa, kama maji ya kuoshea vyombo. Mimi nikasema Kigoma nako wale wa kijivu sikuwaona. Huo ndio ulikuwa mchango wangu, na ndio uliokata shauri. Januarius akatoa ndoo yake ya kusuzia vikombe, tukaijaza maji ya bomba moja kwa moja, dawa yake ya klorini bado inanuka, tukawatia watatu wale, tukaisukuma chini ya benchi penye kivuli.

Alasiri walikuwa wanaelea.

Nilimshika mmoja mkia ili nimtupe. Mdomo ukafunguka. Wakamwagika watoto kiganjani mwangu, kama punje za ulezi, kila punje na macho mawili. Wengine walikuwa bado wanachezesha mkia. Nikawarudisha kwenye ndoo haraka, kana kwamba ndoo ile ilikuwa na huruma iliyobaki.

Tangu saa hiyo benchi halijazungumza habari nyingine. Bei ya pamba imepita, hatukuiona. Ijumaa jike wa nne, aliyebaki peke yake na madume wawili bila jiwe la kujificha, tulimkuta sakafuni. Alikuwa ameruka mwenyewe. Baada ya hapo madume wakageukiana, ndipo wenzangu wakaja wakanikuta na chujio.

Basi Jumamosi hiyo tukaketi kutafuta la kumwambia mwenye mali. Ndaki alianza kwa kusema kwamba zile punje zilikuwa minyoo. Nikamwambia minyoo haina macho ya kukutazama. Akabadilisha: ni mnara wa simu. Tangu waweke ule wa nyuma ya mnadani, hata kuku wake wanatotoa nje ya kiota. Mama samaki kachanganyikiwa, watoto walipaswa kutokea kule, wametokea huku.

— Mchelea mwana kulia hulia yeye, akasema Salu. Huyu alikuwa anawameza. Nimeona nguruwe anakula wanawe, kwa nini furu asile? Tumemkamata na ushahidi mdomoni.

— Watatu wote siku moja? nikauliza.

— Wana ukoo.

— Basi wametumwa, akasema Ndaki. Mzee wa watu kafa na siri ya mwamba. Unadhani ziwa linaacha siri itoke bure? Lazima lifuate chake. Sisi tulikuwa mkono tu.

Hilo la kuwa mkono tu lilinipendeza. Nikalitia chumvi: kwamba Kongo niliona mto ukifuata ngoma iliyoibwa, hadi ukaingia sebuleni. Sikuona kitu kama hicho. Salu naye akakumbuka ng'ombe wa Meatu aliyelia jina la tajiri wake aliyekufa. Tulikuwa tunapanda vizuri, kila mmoja anamshika mwenzake mkono, na tulikaribia kabisa kuwa watu wasio na hatia, Januarius akaweka birika chini.

— Mi naona alikuwa anawabeba, akasema.

— Anawabeba vipi?

— Mdomoni. Asiliwe mtu. Ndiyo maana hali. Ukiwa na mtoto mdomoni utakula nini?

Ndaki aligeuza kikombe chake akatazama kitako. Salu akasema kahawa ya leo ina moshi. Tukarudi haraka kwenye mnara wa simu, maana mnara haukutudai kitu.

Basi la Lamadi lilishusha saa nne. Ernestina alikuja kwa miguu, kitambaa cheusi kichwani, na kwenye bega la kushoto amebeba dumu la lita ishirini, mwili umepinda upande mmoja. Salu akawahi kumpokea.

— Mwangaluka, ng'wana Magese.

— Mwangaluka, baba.

— Pole na safari. Mzee amelala?

— Amelala. Tumemaliza.

Dumu lilikuwa zito kuliko Salu alivyotarajia. Akauliza ni mafuta, au ni nini.

— Maji ya ziwa, akasema. Nimeyachota pale baba alipokuwa anafunga mtumbwi. Watoto wakitoka wayakute ya kwao, si ya bomba.

Akafuta jasho, akatutazama mmoja mmoja kwa uso wa mtu aliyelia wiki nzima na sasa anangoja habari moja njema.

— Wameshawatema?

Hilo ndilo lilikuwa swali. Mtoto wa miaka minne angelijibu. Benchi letu, lenye dalali, fundi, na msafiri wa nchi saba, lilitazama tofali lake.

— Kaka Mataifa, nakuuliza wewe. Wale waliofunga midomo. Si nilikwambia, wakifunga usiwaguse, wapo na watoto, hawaumwi?

Ndipo nilipoikumbuka sauti yake ya Jumatatu mlangoni, ikiwa chini ya sauti yangu. Nilikuwa nimefika kwenye mapazia ya ile nyumba ya wageni. Nilifungua mdomo nimwambie juu ya ziwa linalofuata chake. Kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye lori, sikuwa na nchi ya kutolea mfano. Nikamwambia kama ilivyokuwa: mawe, karantini, ndoo, maji ya bomba, punje za ulezi. Ndaki alitaka kusaidia, akasema lakini madume wapo, tena wa rangi. Salu akamkanyaga.

Ernestina aliingia dukani. Hatukusikia kilio. Tulisikia jiwe likiwekwa ndani ya maji, taratibu, kisha jingine, kisha jingine; anajenga ule ukuta upya kati ya madume wawili wasio na cha kugombea. Alipotoka mikono yake ilikuwa inadondosha maji. Alichukua dumu lake akaliburuta mwenyewe hadi kizingitini, akaketi juu yake.

Mimi nikapiga magoti, mara ya pili siku hiyo. Nikasema: mayu, mama yangu, kesho alfajiri napanda basi la kwanza. Nitakwenda Lamadi mwenyewe, nitakodi mtumbwi, nitazunguka mwamba baada ya mwamba. Nitakuchagulia majike wanne wa majivu, safari hii sitadanganywa na rangi. Niambie tu ni mwamba upi.

Alinitazama kama anayemtazama mteja aliyeleta kitambaa kifupi.

— Aliyekuwa anaujua tumemzika.